TAHADHARI kwa mafundi wa kupaua: muuzaji wa mashine za misumari ambazo kifaa cha usalama kimefungwa kisifanye kazi amerudi na jina jipya

Mafundi wenzangu, naomba msome hadi mwisho, na kama una kijana anayejifunza kazi kwako, msomee na yeye. Kuna mtu anauza mtandaoni mashine za kupigia misumari za mtumba, zile za upepo wa kompresa. Anasema yuko Dar es Salaam upande wa Kariakoo na anatuma mikoani kwa basi. Mimi aliniuzia moja mwezi wa tatu. Jana usiku nimekuta picha ya mashine ileile kwenye ukurasa mwingine, jina jingine, namba nyingine. Nimeitambua kwa vigae vya sakafu na kwa doa la rangi ya bluu lililo kwenye mkono wa mashine. Nimeshindwa kulala, ndiyo maana naandika.

Napaua nyumba mwaka wa 14 sasa, kenchi na papi, zile mbao zinazobeba bati, kazi zangu nyingi ziko Chanika, Kivule na Kigamboni. Nyundo imenilea. Ila bega la kulia limeanza kugoma, nikaona wakati wa kununua mashine umefika. Mpya za maana bei yake ilinizidi, nikaanza kutafuta ya mtumba. Tangazo lake lilikuwa safi: mashine ya Ulaya, nguvu kubwa, inapiga kuanzia inchi 2 hadi inchi 5, misumari ipo kila duka. Shilingi 380,000.

Nilipomwambia nataka kuja dukani kuiona, akasema stoo imefungwa, bosi amesafiri, ataituma na kijana wa bodaboda nikishatoa nusu ya kushikilia mzigo. Jina lililotokea kwenye simu nilipokuwa natuma hela halikuwa la kwake. Nikauliza, akajibu, "Hiyo ni namba ya shemeji yangu, kaka, wewe tuma tu." Nikatuma. Risiti ya EFD akaahidi kunitumia kesho yake. Mpaka leo sijaiona.

Mashine ilifika. Nzito, imefutwa mafuta, imezungushiwa utepe mweusi wa umeme mdomoni. Kijana wa boda akasema utepe ni wa kuzuia isikwaruzwe njiani. Nikamlipa nusu iliyobaki, akawasha pikipiki akaondoka.

Nianze na uongo wa misumari, kwa sababu ndio unaowala wengi. Mashine za kupaulia hazili misumari ya kilo tunayopimiwa dukani. Zinakula misumari iliyopangwa mstari na kushikanishwa, na kila mashine ina pembe yake. Iliyoshikwa kwa plastiki mara nyingi ni ya digrii 21. Iliyoshikwa kwa waya mwembamba ni 28. Ya karatasi ni kati ya 30 na 34. Halafu kuna ya kuviringisha kama koili, digrii 15, ambayo hapa kwetu wanaoitumia sana ni watu wa kutengeneza pallet. Ukinunua mashine ya 21 ukaipa misumari ya karatasi ya 34, haitaingia, au itaingia na kukwama kila baada ya pigo la tatu. Yangu ilikuwa ya 21. Nimezunguka mtaa wa Gerezani siku nzima, nimepata za koili, nimepata za karatasi, za plastiki hakuna. Nikampigia. Akacheka kwa upole, akasema anazo yeye, boksi moja bei ambayo kwa misumari ya kawaida ningepaua nyumba nzima. Hapo ndipo nilipoona ndoano ilipo: mashine ni chambo, misumari ndiyo biashara.

Na hiyo inchi 5 haipo. Mashine nyingi za aina hii mwisho wake ni milimita 90, yaani inchi 3 na nusu. Anayekuambia inapiga inchi 5 hajawahi kuishika, au anajua kwamba wewe hujawahi kuishika. Fundi mwenzangu mmoja wa Mwanza alilipia ya kupaulia kwa picha kama hiyo, basi likamletea F50, mashine ndogo ya watu wa fanicha inayopiga visumari vyembamba visivyozidi milimita 50. Kenchi huwezi kuifunga kwa hiyo. Wengine huletewa ST64, ambayo ni ya kupigia zege. Ukiona herufi hizo ubavuni mwa mashine, jua umeuziwa kazi ya mtu mwingine.

Hela inauma, lakini hela sio iliyoniamsha usiku.

Siku ya tatu ya kuitumia, kwa misumari yake hiyo, tulikuwa Kivule. Mimi nipo juu ya ukuta, nimeomba mashine. Saidia fundi wangu, kijana wa miaka 20, akaanza kupanda ngazi ya mbao akiwa ameishika mkono wa kulia, mpira wa upepo umeunganishwa, kidole kimelala kwenye kifyatulio. Mkono wa kushoto ameshika kipandio cha juu yake. Mguu ukateleza kidogo tu, kidole kikabana. Nikasikia pigo moja, halafu kimya. Hakupiga hata kelele. Nilipoangalia chini, kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimegandishwa kwenye kipandio, kichwa cha msumari kimezama hadi usawa wa ngozi, na damu kidogo mno kuliko mtu anavyoweza kufikiri.

Wenzangu walitaka kuchukua koleo wauvute. Nikakataa, na hapo namshukuru Mungu. Msumari ulioingia mwilini hauvutwi saiti, maana hujui umepita wapi, na wakati mwingine wenyewe ndio unaoziba mshipa. Halafu misumari ya mashine mara nyingi imepakwa gundi au ina meno, ukiuvuta unatoka na nyama. Wawili walimshika kiunoni, mimi nikakata kipandio kwa msumeno wa mkono upande huu na upande ule, taratibu, kila msumeno ukitikisa naona uso wake. Tukampeleka hospitali na kipande cha mbao mkononi. Tulipitia polisi kuchukua PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi. Mfupa ulikuwa salama, kano ya kidole cha shahada iliguswa. Hadi leo ngumi ya kushoto haifungi sawasawa.

Jioni nilirudi saiti nikaitoa mashine kwenye mpira, nikaondoa misumari, nikakata ule utepe mweusi mdomoni. Chini yake kulikuwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, umekatwa kama mkanda, umezungushwa mara nne au tano ukaivuta ile ncha ya usalama kwenda ndani na kuikaza hapo. Mpira ulikuwa umeshaanza kunata kwa joto la mashine. Yaani mtu alikaa, akakata tyubu, akazungusha, akafunika na utepe ili mnunuzi asione.

Kwa ambao hamjawahi kuimiliki, mdomoni mwa mashine kuna kipande cha chuma chenye springi. Kawaida kimetokeza nje. Ukikigandamiza kwenye mbao kinarudi ndani, na hapo tu ndipo kifyatulio kinaruhusiwa kupiga. Kikiwa hewani, hata ubane vipi, msumari hautoki. Kile kipande ndicho kinachotofautisha chombo cha fundi na bunduki. Kikishafungwa kwa ndani, mashine inaamini siku zote kwamba iko kwenye mbao. Ikiwa mguuni inapiga, ikielekea kwa mtu inapiga.

Nilimpigia muuzaji nikamweleza habari ya kijana. Maneno yake sitayasahau: "Kaka, hiyo ndiyo ya kasi, mafundi wote wanaitaka hivyo." Akakata. Nilipojaribu tena nilikuwa nimeshafungiwa. Nadhani springi yake ilikuwa imekufa, na tyubu ilikuwa rahisi kuliko kununua springi. Sina ushahidi wa hilo, ushahidi nilionao ni ule mpira.

Basi kabla hujatoa hela kwa mtu yeyote, fanya hivi. Mashine iwe haijaunganishwa na upepo. Toa utepe wowote, mpira wowote, waya wowote ulio mdomoni, na muuzaji akikataa usitoe, ondoka. Gandamiza ncha kwenye mbao uiachie, inatakiwa iingie laini na irudi yenyewe haraka, mara kumi kati ya kumi. Bana kifyatulio uachie, kisibaki kimenasa. Kisha unganisha upepo bila misumari, elekeza mdomo chini kwenye kipande cha mbao, bana kifyatulio ncha ikiwa hewani. Ikipiga, hiyo mashine hata ukipewa bure usiipokee. Halafu jaribio la mwisho, ambalo wengi hatulijui: bana kifyatulio kwanza, endelea kukibana, ndipo gusisha ncha kwenye mbao. Zipo zinazopiga hapo, na hizo ndizo wanazoziita za kasi, unashikilia kifyatulio unagonga tu mdomo, tap tap tap. Zipo zinazokataa mpaka uanze na ncha kisha kifyatulio, kila msumari kwa zamu yake. Kama ni mashine yako ya kwanza, chukua hii inayokataa.

Sisemi kwa kukisia. Mwaka 2011 idara za usalama kazini za Marekani, OSHA na NIOSH, zilitoa mwongozo kwa wakandarasi wa kule, ambako nyumba nyingi zinasimamishwa kwa mbao kuanzia ukuta hadi paa na mashine hizi zipo kila saiti. Waliandika kuwa watu kama 37,000 kila mwaka walikuwa wanafikishwa kwenye vyumba vya dharura kwa ajili ya mashine za misumari, na kwamba hatari ya kuumia kwa ile ya kugongagonga ni mara mbili ya ile ya msumari mmoja mmoja. Sababu ukiishika utaielewa mkononi: mashine ikipiga inaruka nyuma, ikirudi chini na kidole bado kimebana, inapiga msumari wa pili ambao hukuutaka, na wa pili ule hauna pa kwenda pazuri.

Katika ajali ya Kivule na mimi nina sehemu yangu, siwezi kuificha. Niliomba mashine ipandishwe ngazini ikiwa na upepo. Ingetakiwa mpira uchomolewe, mashine ivutwe kwa kamba, niiunganishe nikiwa juu. Sasa hivi saiti yangu mpira unachomolewa mashine ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine, ikikwama msumari, ikijazwa, na mtu akienda kunywa maji. Kidole hakilali kwenye kifyatulio mpaka ncha imeshagusa mbao. Mkono unaoshikilia mbao unakaa mbali na msumari, inchi 12 angalau, kwa sababu msumari ukikuta fundo la mbao unapinda na kutokea ubavuni. Miwani kwa kila mtu aliye karibu, hata anayechanganya zege.

Upepo pia. Nyingi zinataka mgandamizo wa psi 70 hadi 120 kwenye geji, soma maandishi ya mashine yako usivuke. Kompresa iwe na tangi na geji, ile ndogo ya kujazia tairi la gari haitoshi. Na hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu nimeshawahi kusikia mtu akilipendekeza pale umeme ulipokatika na mchomeleaji yuko jirani: USIUNGANISHE MTUNGI WA OKSIJENI. Hewa ya kawaida tu. Oksijeni na mafuta ya ndani ya mashine vinalipuka, na mtungi una mgandamizo ambao mashine haikutengenezwa kuubeba.

Aliyetapeliwa na huyu mtu, usikae kimya kwa aibu. Kachukue RB, namba ya taarifa yako, kituo cha polisi cha karibu, beba ujumbe wote wa simu na muamala, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na utapeli wa namna hii umo. Namba yake itume pia 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kama mashine uliyopewa ina nembo kubwa lakini herufi zimekosewa, hiyo ni bidhaa bandia, na kesi yake ni ya Tume ya Ushindani, FCC. Na kama umeshainunua kwake na unaitumia, leo, kabla ya kazi ya kesho, chomoa mpira ukate utepe uone chini yake kuna nini.

Tangazo lake la sasa linasema imebaki moja tu, awahi atakayewahi. Msitume hela. Mashine iliyo kwenye picha hiyo, yenye doa la bluu kwenye mkono, niliikabidhi mwenyewe kituoni pamoja na ule mpira wa tyubu, na imefungwa karatasi ya kielelezo.