Bunduki ya Tikka T3x ya mashoto: inafaa kununuliwa?

Habari zenu, mashoto wenzangu. Kabla sijasema lolote: bolti (chuma cha kuvuta kwa mkono kinachofunga nyuma ya mtutu) nimeitoa, chemba, yaani mahali risasi inapokaa, tupu. Oneni, mwanga unapita mpaka mdomo wa mtutu.

Hii ni Tikka T3x kutoka Finland, toleo la mashoto. Mpini wa bolti uko kushoto, na tundu la kutolea maganda ya risasi liko kushoto vilevile. Hilo la tundu ndilo naomba mlizingatie. Ukiweka bunduki ya kawaida, yaani ya mkono wa kulia, kwenye bega la kushoto, uso wako unakaa upande wa kulia wa kitako (sehemu ya nyuma inayokaa begani), jirani kabisa na pale maganda yanaporukia. Siku ganda likipasuka, gesi ya moto inatokea upande huohuo. Tunaambiwa tutazoea. Mkono utazoea, sawa, lakini uso utabaki palepale.

Sasa narudisha bolti. Mnaona? Mpini unapanda nyuzi 70 tu, wakati bunduki nyingi zinataka 90, kwa hiyo vidole havigongi darubini. Inateleza bila kukwaruza. Nimeipenda sana.

Kitako hiki cha sintetiki hakina uvimbe wa kuegemeza shavu upande mmoja, kinakubali bega lolote. Vya mbao vikagueni vizuri. Vingi vimepindishwa kidogo kulia kumfuata mtu wa mkono wa kulia. Kwetu sisi kitako cha namna hiyo kinasukuma shavu mbali na darubini, na bunduki ikirudi nyuma kinakugonga usoni. Kubadilisha kitako peke yake kunatibu hilo, ila tundu la maganda halihami.

Kasoro yake ni uchache wa chaguo. Aina za risasi na za mitutu kwa mashoto ni pungufu kuliko za wenzetu, na hilo linaudhi.

Jicho nalo lipimeni kabla ya kutoa pesa. Nyoosha mikono, acha upenyo mdogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linaloongoza. Likiwa la kulia, jaribu kwanza bega la kulia.

Kwa mwindaji anayepiga akiwa amesimama, naipendekeza bila kusita. Wewe unayelenga shabaha umelala, bunduki ikiwa imesimama juu ya vimiguu vyake vya mbele, ya kawaida inaweza kukutosha: mkono wa kushoto unabaki kwenye triga, wa kulia unavuta bolti. Vaa miwani ya kinga tu.