Babu aliyetekwa vitani: Msalaba Mwekundu au Tume ya Makaburi?

Swali hili hurudi kila ukoo unapokutana: babu alikwenda vitani, ikasemekana alitekwa, basi. Tuanzie wapi kumtafuta?

Gharama hazitofautiani sana. Kote ni bure, labda bando la intaneti.

Kwenye kutegemeka ndipo kuna kazi. Msalaba Mwekundu ulianza kukusanya habari za mateka huko Geneva mwaka 1914, na kadi za mateka wa Vita ya Kwanza ya Dunia zinasomeka mtandaoni. Kadi inaweza kukuonyesha mtu alishikiliwa wapi, hata kama alirudi salama. Lakini ilitegemea orodha za waliomteka, na karani aliandika jina kadiri alivyolisikia. Mazengo huweza kugeuka Masengo, kwa hiyo jaribu kila tahajia. Kwa vita ya pili unaomba utafutiwe, na subira inahitajika.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hujibu upesi: unaandika jina, unaona kaburi au mnara. Ina makaburi hata hapa Dodoma. Ila inahesabu waliokufa tu, tena hasa wa upande wa Mwingereza. Mwaka 2021 yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi, hasa wapagazi, hawakuandikwa majina.

Kama babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) na mnaamini alifia huko, anzeni na Tume. Kama alikuwa askari wa Mjerumani, au hamjui mwisho wake, Geneva. Vyovyote vile, muulizeni kwanza bibi jina alilojiandikishia. Si lazima liwe la ukoo.