Reverbe ya dola 50 na ThinkPad ya okazio: okestra yangu ndani ya laptopu, hapa Lubumbashi

Ba ndugu wa muziki, jambo kwenu. Naandika hii juu kila wiki kuko mtu ananiuliza swali lile lile, "yaya, unatumia reverbe gani (ule mwangwi wa chumba), violoni zako ziko sawa ziko mu sale, mu ukumbi wa kweli", na kila mara namjibu na audio ya dakika kumi kwa WhatsApp, sasa leo naweka yote fasi moja.

Mimi napanga muziki wa korali na wa filamu ndogo ndogo, chumba changu cha kazi kiko Kamalondo, na okestra sina. Kinshasa wako na Orchestre Symphonique Kimbanguiste tangu 1994, ile Armand Diangienda alianzisha, watu wa kweli na violoni za kweli, nawaheshimu sana. Siye huku mtu akitaka violoni 16 anafungua laptopu, njo hivyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la feza. Violoni zangu zilikuwa zinalia sawa klavie ya kwenye ndoa, nikajiambia ni reverbe njo inakosa, nikaanza kuweka dola pembeni kwa ajili ya Altiverb. Altiverb inatengenezwa na Audio Ease kule Uholanzi, ilitoka 2001, moja ya zile za kwanza kuleta reverbe ya konvolusioni (nitaielezea chini) mu plagini, programu ndogo inayoingia ndani ya programu ya muziki, na masale yake ni mazuri sana, mtu asikudanganye. Ila bei yake kamili inapita laptopu yangu yote pamoja na shaja na mfuko.

Siku moja mkubwa mmoja wa kazi alipita, mtu ametangulia sana mu hii mambo, akavaa kaske yangu, akasikiliza, akaniambia: "Zima reverbe yote." Nikazima. "Sasa nipigie noti moja ya violoni, ishike, usiachie." Nikashika. Na pale, bila reverbe ya kuficha, nikasikia kitu sikuwahi kusikia: tk, tk-tk, tk, sawa punje za mchele zinaanguka juu ya mfuniko wa sufuria, na mara moja moja noti yenyewe inapotea kidogo halafu inarudi. Akavua kaske. "Leki yangu, si reverbe. Disiki yako inachoka."

Alinielezea hivi, na ni kweli. Banki ya sauti ya okestra, zile noti za vyombo vya kweli zilizorekodiwa moja moja (sampuli), haiingii yote mu RAM, ile memori ya haraka ya mashini. Programu ya kupiga banki, sawa Kontakt, inaweka mu RAM mwanzo tu wa kila sampuli, kawaida kilobaiti 60 hivi, na zinazobaki inazisoma kwa disiki wakati ule ule unapiga. Violoni 16 na alto na selo na tromboni zikipiga pamoja, ni mamia ya sampuli zinaombwa kwa wakati mmoja, na disiki ya zamani, ile ya kuzunguka, inabidi kichwa chake kikimbie huku na huku kutafuta kila moja. Haiwezi. SSD, ile disiki ya chipu, haina kitu cha kuzunguka, njo maana hata SSD ya kawaida ya SATA, ya MB 500 hivi kwa sekunde, inabadilisha maisha yako. Ile ya NVMe inakimbia mara nyingi zaidi lakini kwa masikio yangu ruka kubwa ni kutoka disiki kwenda SSD, si kutoka SSD hii kwenda ile.

Basi feza ya Altiverb ikageuka mashini. Nilichukua laptopu ThinkPad T480 ya okazio, yaani iliyotumika, dola 260, mu mji, na hapa nataka mnisikilize vizuri juu wengi wanapigwa hapa. Muuzaji aliniambia iko na RAM 16, nikaamini, kufika nyumbani kumbe ni 8, barete (kipande cha RAM) moja tu. Duka silitaji. Ila siku hizi nikienda kununua na mtu, kabla ya kutoa feza tunabonyeza Ctrl, Shift na Esc palepale mezani, tunaenda fasi ya memori, inakuonyesha RAM ni ngapi na ni nafasi ngapi zimejazwa. Sekunde kumi tu. Na usikubali mtu akuambie juu ya prosesa "ni i5, zote ni moja", ile ni uongo: i5 ya T470, jenerasheni ya 7, iko na moyo (core) mbili, ya T480, jenerasheni ya 8, iko na moyo ine. Kwa okestra ni tofauti kubwa kabisa.

Kwa nini T480 na si ingine? Juu iko na nafasi mbili za RAM zinafunguliwa na bisibisi, mimi nimeweka barete mbili za 16, ikakuwa 32. Angalia vizuri jina, kuko T480s, ile yenye "s", nyembamba na nzuri kwa macho, lakini RAM moja imeunganishwa moja kwa moja na bodi, hautaitoa. X1 Carbon ni yote imeunganishwa. MacBook Air ya M1 pia, ni mashini yenye nguvu sana, naipenda, lakini ukinunua ya 8 utakufa nayo na 8. Mtu wa okestra anahitaji RAM kwanza, prosesa inakuja nyuma yake.

Na kuko kitu kimoja cha T480 sijaona watu wakisifu vya kutosha: betri mbili. Moja iko ndani, ingine nyuma, na ile ya nyuma unaitoa na kuweka ingine bila kuzima mashini. Kwa sisi wenye delestaje hii si mapambo. Umeme unakatika katikati ya kurekodi, mashini hata haishtuki, unamaliza fraze yako. Onduleri yangu ndogo (ile inashika umeme ukikatika) inabakia kwa kadi ya sauti na spika tu, na nilinunua ndogo kusudi, ya bei ya chini. Ungekuwa na mashini kubwa ya mezani, onduleri peke yake ingekula feza ya SSD.

Ubaya wake upo. Mwezi wa kumi hapa joto kabla ya mvua, ile prosesa ya laptopu inapata moto, inajipunguza mbio, na programu inaanza kukwama hata kama RAM iko tele. Nilifungua, nikafuta vumbi (vumbi letu jekundu, mnalijua), nikabadilisha ile dawa wanapakaa juu ya prosesa, ikapoa sana. Pia wakati wa kuandika noti naweka buferi (sauti ambayo programu inaandaa mbele kabla ya kuitoa) 256, kwa 48 kHz ni kama milisekunde 5, kidole na sauti vinaenda pamoja, halafu wakati wa kuchanganya napandisha 1024, milisekunde 21, hapo sipigi kitu kwa mkono kwa hiyo hainisumbui. Watu wengi wanaacha 256 mpaka mwisho halafu wanalaumu mashini.

Sasa reverbe. Tuelewane kwanza, kuko za aina mbili. Konvolusioni ni picha ya sale ya kweli: mtu anaingia mu kanisa, anapiga mlio, anapasua balo au anacheza sauti inapanda kutoka chini mpaka juu, anarekodi vile ukuta unajibu, na plagini inavalisha lile jibu kwa violoni yako. Ya algoritimu haina picha, inajenga mwangwi kwa hesabu. Ya kwanza inaleta fasi ya kweli lakini ni picha, haisogei. Ya pili inasogea, inapumua, unaipanga vile unataka. Mimi nilikuwa nafikiri ya kweli lazima ishinde, lakini kwa okestra ya laptopu haiko hivyo, na sababu ni hii: banki nyingi za leo tayari ziko na sale ndani. BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire, ile ya bure, kama MB 200 hivi (hata fofe ndogo ya intaneti inaweza), ilirekodiwa Maida Vale, London, na unaisikia ile sale ndani ya kila noti. Ukiongeza juu yake picha ya kanisa lingine, unaweka sale ndani ya sale, na violoni zinaenda mbali, zinakuwa moshi.

Kwa hiyo kwa banki zenye sale natumia ValhallaRoom, dola 50, na natumia mkia wake tu. Iko na sehemu mbili, ile ya mwanzo inayosema ukuta uko karibu au mbali, na ile ya mkia, na kitelezi kimoja cha Depth kinakupeleka kutoka hii kwenda ile. Mimi navuta mpaka mwanzo unapotea karibu wote, mkia naweka sekunde mbili hivi, sawa masale makubwa ya Ulaya yanazunguka pale pale, halafu nakata sauti za chini juu tuba na kontrabasi zikiingia mu reverbe zinageuka matope. Reverbe moja tu kwa okestra nzima, kwa njia ya kutuma (kila chombo kinapeleka sehemu ya sauti yake kwa reverbe ile moja), violoni zinatuma kidogo, tromboni na ngoma zinatuma zaidi juu mu sale ya kweli wanakaa nyuma. Prosesa haichoki, na wote wanasikika wako chumba kimoja. Hii kitu moja imenisaidia kupita plagini zote.

Kwa banki kavu, sawa VSCO 2 Community Edition ya Versilian ambayo ni ya bure, hapo konvolusioni inarudi na kazi yake. Reaper, programu ninayotumia kurekodi na kuchanganya, iko na reverbe ReaVerb ndani, haulipi kitu zaidi, na picha za masale unazipata bure kwa OpenAIR ya chuo cha York, Uingereza, kuko mpaka York Minster. Naweka kidogo tu, kumpa yule mpiga kiti chake, halafu mkia unatoka Valhalla sawa wengine. Ukiwa hauna hata dola 50, chukua Dragonfly Reverb, ni bure kabisa na Hall yake ni nzuri, nimetoa kazi mbili za korali nayo na hakuna aliyeuliza.

Jambo ambalo wanaotoa maoni kule ng'ambo hawaligusi ni laisensi. Nilinunua programu moja, sitaitaja, ilikuwa inataka intaneti kila mara kujithibitisha, na siku ya kupeleka kazi konekisheni ilikuwa imelala tangu asubuhi, plagini haikufunguka, nikakaa mbele ya korali na violoni kavu. Valhalla inakupa faili, unaiweka, imeisha. Kwetu hiyo ni sehemu ya ubora wa sauti, kabisa, juu plagini isiyofunguka haina sauti.

Kitu cha mwisho, kwa wale wanaopeleka muziki kanisani. Noeli iliyopita nilifanya misa nzima, kwa kaske ilikuwa tamu, mkia wa sekunde mbili na nusu, nikapeleka. Kanisa lile liko na dari ya juu na ukuta wa matofali matupu, nilipopiga mikono mara moja tu mlio ulikaa hewani mpaka nikavuta pumzi. Muziki wangu ukaingia mule na mkia wake, kanisa likaongeza wake, na waimbaji hawakusikia fasi ya kuingia. Tukasimamisha. Nikafungua Reaper pale pale kwenye benchi, kwa betri, nikazima reverbe yote, nikatoa upya, dakika sita. Tukapiga tena, na ile violoni kavu kabisa ikapanda mu dari na kurudi chini imevaa kanisa lote, na soprano wakaingia kwa wakati. Tangu ile siku kila kazi natoa mafaili mawili, moja lenye reverbe la kusikiliza, moja kavu la kupigia kanisani, na naandika juu yake kwa herufi kubwa: KAVU.