TAHADHARI: Mbegu za hoho za kupimiwa mkebeni, Kongowea. Msinunue!

Ndugu zangu wa bustani, kuanzia Utange mpaka Likoni, nisomeni kabla hamjatia mbegu kitaluni vuli hii. Yule jamaa wa meza ya mikebe nje ya Soko la Kongowea, hapa Mombasa, upande yanakoshukia malori ya bara, mbegu zake si zile zilizoandikwa. Jina lake silitaji, na hata alilonipa silo lake, mtaona mbele. Nilinunua hoho nikavuna pilipili kali. Robo eka nzima. Chekeni kwanza, kisha msome, maana aliyeliwa hapa si mgeni wa kilimo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa.

Nieleze alivyofanya, mkono kwa mkono.

Mezani ana mikebe saba ya bati, ya kampuni mnazozijua nyote, picha za rangi zinang'aa. Akainua wa California Wonder, aina ya hoho niliyoitaka. Dole gumba lake likakaa juu ya stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, na halikubanduka pale mpaka mkebe uliporudi mezani. Wakati ule niliona ni namna ya kushika tu. Akafungua kifuniko cha plastiki, akamimina mbegu juu ya karatasi nyeupe. Nikazitandaza kiganjani: bapa, rangi ya maziwa yaliyolala, hakuna makapi, hakuna iliyovunjika. Nikasogeza pua ninuse kama zina uvundo wa unyevu. Nikapiga chafya mbili. "Vumbi la malori, ami," akasema, akanipa tishu. Tishu! Wallahi alikuwa nayo tayari.

Akaweka mizani ndogo ya betri, ikasoma 25.0. Akaongeza chopa moja kwa vidole, "hii ya sadaka, mzee wangu." Akatia ndani ya kijaluba cha nailoni, akakifunga kwa moto wa kiberiti cha gesi, na juu akabandika karatasi ya fotokopi yenye jina la mbegu. Shilingi 400. Nikamtumia kwa M-Pesa, jina likaja la mwanamke. "Laini ya mke wangu hiyo." Haya bwana.

Sasa mtaniuliza, wewe unayetufundisha kila siku, uliingiaje? Niliingia kwa sababu mkebe ulikuwa wa kweli. Narudia: mkebe ni wa kweli! Rangi zake, namba ya loti, tarehe ya kupimwa, asilimia ya kuota, vyote sahihi, havina kasoro hata ya herufi. Kilichokuwa cha uongo ni kilichomo. Na jamaa anajua kazi. Aliniambia nisifukie zaidi ya nusu sentimita, kitalu nikitilie kivuli cha makuti, miche isihamishwe kabla ya wiki sita. Akauliza msimu uliopita pale shambani palikuwa na nini. Niliposema nyanya, akanikataza: "Usirudishe hoho palipokuwa nyanya, mnyauko utakumaliza, ni jamii moja hizo." Sahihi kabisa, na biringanya nayo imo. Mtu akikupa ushauri unaomfanya auze kidogo, unamwamini. Tena maduka mawili niliyopitia kabla yake yalikuwa yameishiwa mikebe midogo, na mvua ya masika ilishaanza. Na sote tumezoea kupimiwa. Kunde hupimwa, dengu hupimwa, mbegu ya mchicha tulipimiwa na mama zetu.

Hesabu yenyewe ilikaa sawa. Gramu moja ya hoho ina mbegu kama 150, kwa hiyo gramu 25 ni kama 3,700. Zikiota themanini kwa mia unapata miche kama 3,000, inayotosha robo eka kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 na ukabaki na uwanja kidogo. Zikaota. Hapo ndipo watu wengi watakapodanganyika, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Nilizipima kabla, kama inavyotakiwa. Mbegu 100 juu ya tishu ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, isichuruzike maji, ikakunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, ikawekwa kivulini. Hoho kwa joto letu huanza kutoa mzizi siku ya saba hivi, na hesabu ya mwisho ni siku ya kumi na nne. Zilitoka 86. Nikafurahi kama mjinga. Kipimo hiki kinakuambia mbegu iko hai, basi. Hakikuambii ni mbegu ya nini. Pilipili kali nayo huota, tena vizuri.

Wiki ya tano kitaluni majani yalikuwa membamba. California Wonder ina jani pana na shina nene, mche unasimama kama mtu mfupi aliyeshiba. Hii ilikuwa na matawi mengi mapema na majani kama ya mkwaju ukilinganisha. Nikasema ni kivuli kimezidi, nikapunguza makuti. Matunda yalipoanza kufunga, nikahesabu mstari mmoja wa miche 60. Miche 22 ilikuwa na matunda marefu membamba. Miche 17 ilisimamisha matunda yake juu, kama pilipili kichaa. Miche 9 ilikuwa na vijitunda vilivyokunjamana kama pilipili mbuzi. Na 12 ilikuwa na kitu kinachofanana na hoho ndogo, ambacho ukikiuma unatafuta maji mpaka Bombolulu.

Mchanganyiko ule ndio unaomshtaki. Mkebe ukichanganywa kiwandani kwa bahati mbaya, utakuta aina moja ngeni imeingia, na yote inafanana. Hapa kila mche na sura yake, hata wadudu walichanganyikiwa waanzie wapi. Mbegu hizo zimekamuliwa kutoka pilipili za sokoni, zile zinazobaki chini ya magunia, zikaoshwa, zikakaushwa, zikatiwa mkebeni. Ndiyo maana ya chafya! Mbegu iliyotolewa kwenye pilipili kali kwa mkono hubaki na vumbi la ule utando wa ndani, na ukali mwingi wa pilipili umo kwenye utando ule. Mbegu ya kampuni ya hoho haikupigishi chafya. Zile 12 zilizofanana na hoho ni mbegu za hoho iliyolimwa karibu na pilipili kali, nyuki wakafanya yao. Ukali una nguvu kuliko utamu, mzazi mmoja akiwa mkali mtoto huwa mkali.

Nikamrudia. Hakukimbia hata. Alitoa sababu tatu huku akipimia mteja mwingine spinachi.

Ya kwanza, jua la Mombasa. Kweli hoho hupukutisha maua joto likipita nyuzi 32 au hivyo, na hapa kwetu kipindi cha kaskazi ni shida hiyo hiyo. Lakini jua hupunguza idadi ya matunda, hukunja umbo kidogo, hubabua ngozi. Haligeuzi hoho ikawa kidole. Ya pili, mbolea ya ng'ombe imezidi. Sikumjibu. Ya tatu ndiyo niliyotaka muisikie, kwa sababu nimesikia hata mabwana shamba wakiikubali: "Jirani yako ana pilipili, ami, zimepandana." Uongo. Chavua ya jirani ikiingia kwenye ua la hoho yako leo, tunda linalotoka leo ni nyama ya mama yake, umbo na utamu vyote vya mama. Kilichochanganyika ni mbegu iliyo ndani, na itajionyesha ukiipanda msimu ujao. Tunda la mwaka huu likiwa kali, kosa liko kwenye mbegu uliyouziwa. Mtu asiwatoe njiani kwa hadithi ya jirani, wala msigombane na jirani.

Sasa huyu mtu afanywe nini? Mimi nasema meza ivunjwe, mizani ichukuliwe, na kesi ifunguliwe chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ambayo ipo na inafanya kazi. Kuuza mbegu kunahitaji idhini ya KEPHIS, na kufungua mkebe ukapima barabarani si idhini. Ningependa pia apandishwe mkokoteni, azungushwe Kongowea nzima akila bidhaa yake moja moja, lakini hilo halimo kwenye Sura ya 326. Msimpige. Nimesikia vijana wanapanga. Mkimpiga yeye atakuwa mlalamikaji na nyinyi mtakuwa washtakiwa, na mikebe atahamishia Mwembe Tayari wiki hiyo hiyo. KEPHIS wana ofisi hapa Mombasa. Twendeni tukiwa wengi, kila mmoja na kijaluba chake.

Dalili sasa, maana kuna aliyeniambia ninapiga kelele tu.

Stika ya KEPHIS ina sehemu ya kukwangua kama kadi ya simu. Ikwangue wewe mwenyewe, tuma namba iliyo chini yake kwa 1393, utajibiwa mbegu hiyo ni ipi na ya nani. Ikiwa imeshakwanguliwa, au mtu ameiziba kwa kidole, rudisha mkebe. Mkebe mpya, ukitoa kifuniko cha plastiki, chini yake kuna bati nyembamba la kuvuta kwa pete. Kama halipo, mkebe ulishafunguliwa, na "nimeufungua asubuhi" si jibu. Jina la M-Pesa lisilolingana na mtu. Karatasi ya fotokopi. Mikebe iliyoanikwa juani.

Hili la jua si dogo. Watu wa mbegu wana kanuni kwamba kila ukipunguza joto kwa nyuzi 5, uhai wa mbegu ghalani hukaribia kuwa maradufu, na ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, vivyo hivyo. Igeuze uone mkebe uliofunguliwa unavyoishi Kongowea, joto la saa nane na upepo wa bahari. Hata ingekuwa mbegu halali ingekuwa inakufa. Vitunguu ni katika zile zinazokufa upesi zaidi. Mbegu ya kitunguu iliyopita mwaka mmoja kwa hali yetu hii usiipande bila kuipima kwanza kwenye tishu.

Na kuna mbegu ambazo jicho halina kazi kabisa, hata la mzoefu. Sukuma wiki, kabichi, koliflawa: vidonge vyeusi vya duara, ndugu wa tumbo moja. Hakuna binadamu atakayevitofautisha kiganjani. Spinachi yetu hii ya majani makubwa na bitiruti pia, mbegu zao ni vile vifundo vya kahawia vinavyotoa miche miwili mitatu kwa pamoja, sawa sawa kabisa. Yule mteja aliyekuwa akipimiwa spinachi mbele yangu, akiona mashina mekundu ajue. Kwa mboga hizi huna kinga nyingine isipokuwa pakiti iliyofungwa. Rangi ya waridi au kijani juu ya mbegu, ile ya mbegu iliyotiwa dawa, nayo isikutie imani; rangi hununuliwa dukani. Na usiijaribu kwa ulimi, kama ni dawa kweli ni sumu.

Hata chotara halisi, zile zenye F1, ukikamua mbegu ya tunda lake ukapanda, watoto hutoka kila mmoja na sura yake. Kwa hiyo anayekuuzia "F1 ya kupima" kwa bei ya chini ama amekamua ama ameiba.

Jamani, mikebe anaipata kwetu. Tunaitupa mizima, na mkebe mzima una stika, loti na tarehe. Ukimaliza mbegu, toboa mkebe kwa msumari mara nne tano, chana karatasi ya nje. Ila kabla ya kutupa chochote, piga picha ya lebo yote, weka mbegu 50 kwenye bahasha ndani ya chupa kavu yenye mchele uliokaangwa ukapoa, hunyonya unyevu, na hifadhi ujumbe wa M-Pesa. Mimi nilibakiwa na mbegu kijalubani, kama ile chopa ya sadaka. Hiyo ndiyo ninayoenda nayo.

Walionunua kwake tangu masika, andikeni hapa chini mmenunua mbegu gani na kimeota nini, hasa nyanya na bamia, hizo sijasikia habari zake. Waliokwisha kutia kitaluni, msihamishe miche bado. Pandeni kumi tu kwenye ndoo mtazame majani.

Pilipili zenyewe zipo, debe kwa debe, sijui za nani wala za wapi lakini zinawaka. Anayetengeneza achari aje na ndoo yake Jumamosi, bure, na glovu avae.