Kupima mikono ya baba kwa kioo cha simu: uzoefu wangu

Baba ana ugonjwa wa Parkinson, huu ni mwaka wa tatu. Alikuwa fundi seremala hapa Tanga. Kinachomtesa zaidi ya kutetemeka ni mkono wa kulia kuwa mzito: kufunga kifungo kimoja cha shati ni kazi. Kliniki daktari humwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, anatazama sekunde chache, anaandika. Saa hiyo dawa imekolea na mkono unacheza vizuri. Ukija kuganda tuko nyumbani, na daktari hayupo.

Ndiyo maana nikapakua programu ya simu ya kupima vidole. Kipimo chenyewe si kigeni, hata mPower, programu ya utafiti iliyotoka Marekani mwaka 2015, ilikuwa nacho. Kwenye kioo kuna vitufe viwili; mgonjwa anavigonga kwa zamu, kidole cha shahada na cha kati, kwa sekunde 20. Simu inahesabu kagonga mara ngapi, na kila pigo limeachana na lenzake kwa muda gani. Hicho cha pili jicho haliwezi kukikamata.

Wiki ya kwanza nusura niifute. Vidole vya baba vimeota sugu kwa randa na msumeno, na simu ya tachi inahisi umeme wa ngozi. Ngozi kavu, ngumu, haiipati sawasawa. Anagonga, haihesabu. Matokeo yakashuka, naye akaniuliza, “Mwanangu, ndiyo nazidi kuisha?” Iliniuma sana, maana hakuwa na kosa lolote. Nikaanza kumfuta vidole kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kupima, na hesabu ikakaa sawa. Maelekezo hayasemi neno juu ya hili, tena yote ni ya Kiingereza. Kwa hayo mawili naikata nyota.

Tulipima kila siku: saa moja asubuhi kabla ya levodopa, dawa yake ya Parkinson, saa mbili, saa tano, na saa saba kabla ya dozi ya mchana. Baada ya wiki tatu nikampelekea daktari namba. Kila siku saa mbili hesabu ya mkono inapanda, saa tano imeshaanguka. Dawa ilikuwa inaisha mapema. Akazisogeza dozi zikakaribiana.

Usiitumie kujua kama mtu ana ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Kwa kufuatilia dawa, naipa nyota nne. Ijumaa iliyopita baba alifunga shati mwenyewe, kifungo cha shingoni tu ndicho aliniachia.