Mafunzo ya Django: yapi ni ya bure, yapi ni ya kulipia, na yapi yatangulie

Anayetaka kujifunza Django leo hakosi cha kununua; anachokosa ni kipimo cha kuchagulia. Fremuweki hii, yaani mkusanyo wa zana za kujengea tovuti kwa lugha ya programu ya Python, ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na tangu hapo imebaki ya bure pamoja na nyaraka zake zote. Kwa hiyo anayelipia mafunzo analipia mpangilio, maelezo na mazoezi yanayosahihishwa, na muuzaji asiyetoa angalau mawili kati ya hayo matatu hana haki ya kudai hata shilingi moja.

Kabla ya kupanga nafasi, ni vyema kujua kinachotafutwa. Msingi wa Django ni safari ya ombi. Ombi hutoka kwenye kivinjari, likapita katika midoweya, yaani vichujio vinavyolikagua njiani, anwani yake ikalinganishwa na orodha ya njia iliyomo kwenye faili ya urls.py, kisha likakabidhiwa kwa viyu, yaani kipande cha msimbo kinachopokea ombi na kurudisha jibu. Viyu husoma au kuandika hifadhidata kupitia modeli, yaani maelezo ya jedwali yaliyoandikwa kwa Python, na mara nyingi jibu lake huandaliwa kwa kiolezo cha HTML. Karibu kila kozi hufundisha hayo. Zinapotofautiana ni kwenye hifadhidata, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuzikagua kwa makini.

Kozi nzuri hueleza kwamba kubadili modeli hakubadili jedwali lenyewe: amri ya makemigrations huandika faili ya mabadiliko, na amri ya migrate ndiyo inayoyatekeleza, hivyo faili hizo ni sehemu ya msimbo na hazifutwi ovyo kila kosa linapotokea. Hueleza pia kwamba Django haiendi kwenye hifadhidata mpaka matokeo yahitajike. Ukiorodhesha oda 100 za duka na kuchapisha jina la mteja mbele ya kila moja, unaweza bila kujua kuiuliza hifadhidata mara 101, ilhali amri ya select_related ingeleta oda na wateja wao kwa swali moja. Mwalimu asiyegusia jambo hili anafundisha tovuti ya majaribio tu, ambayo italemewa mara wateja watakapoongezeka. Ishara nyingine ya mwalimu makini ni kutengeneza modeli yake ya mtumiaji mwanzoni mwa mradi, kwa sababu kuibadilisha baada ya jedwali kujaa data ni kazi ngumu.

Jambo la pili la kukagua ni umri wa mafunzo, na hapa huna haja ya kuamini tarehe iliyoandikwa kwenye tangazo. Fungua somo moja la bure uutazame msimbo. Ukiona ForeignKey (kiungo cha jedwali moja na jingine) isiyo na on_delete (agizo la nini kifanyike kinachounganishwa kikifutwa), mafunzo yametangulia toleo 2.0 la Desemba 2017, lililofanya kipengele hicho kuwa cha lazima. Ukiona njia zikiandikwa kwa url() badala ya path(), jua kwamba url() iliondolewa katika toleo 4.0. Ukiona mtumiaji akitolewa kwenye akaunti kwa kubofya kiungo cha kawaida kinachoelekea kwenye viyu ya Django ya kutokea, msimbo huo utakataa kufanya kazi kuanzia toleo 5.0, ambalo hutaka kitendo hicho kitumwe kwa POST, yaani kama fomu inavyotumwa. Mafunzo ya toleo 4.2 bado yanafaa kwa kujifunza dhana, lakini mradi mpya wa kazi ni heri uanzie kwenye 5.2 au toleo la baadaye, kwani 5.2 limeahidiwa marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028.

Nafasi ya kwanza naipa nyaraka rasmi pamoja na zoezi lake la programu ya kupigia kura, lenye sehemu nane. Linagusa modeli, ukurasa wa msimamizi, viyu, fomu na hata majaribio ya msimbo, jambo ambalo kozi nyingi za kulipia huliahirisha hadi mwisho au huliacha kabisa. Nyaraka hizo zinaweza kupakuliwa kwa PDF, ePub au HTML, na kwa anayehesabu kila megabaiti ya bando lake, faida hiyo si ndogo. Udhaifu wake ni kwamba zoezi halifundishi usajili wa watumiaji wala kuiweka tovuti hewani. Mambo hayo yamo katika kurasa nyingine, nawe utayakusanya mwenyewe. Asiyewahi kuandika Python kabisa atangulize mwongozo wa Django Girls, mpango ulioanzia Berlin mwaka 2014, ambao humwongoza mwanafunzi kujenga blogu ndogo na kuiweka kwenye PythonAnywhere, huduma ya kuhifadhi tovuti mtandaoni, bila malipo.

Ya pili ni kozi ya chuo kikuu cha Harvard iitwayo CS50's Web Programming with Python and JavaScript. Video zake ni za mwaka 2020, na hiyo ndiyo kasoro yake kuu. Inashinda kwa miradi: mwanafunzi hujenga kamusi elezo, soko la mnada na mtandao wa kijamii, akipewa masharti bila kupewa msimbo uliokamilika wa kunakili, na ugumu huo ndio unaomlazimisha kuelewa. Kusoma ni bure; kinacholipiwa ni cheti cha edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, nami sioni sababu ya kukinunua isipokuwa mwajiri au mfadhili amekitaka kwa jina.

Django for Everybody ya Charles Severance wa chuo kikuu cha Michigan naiweka ya tatu, ingawa kwa mtu anayejifunza peke yake baada ya kazi huenda ikapanda hadi ya pili. Huenda polepole na hueleza HTTP (kanuni za mawasiliano ya kivinjari na seva) na SQL (lugha ya hifadhidata) kabla ya kuigusa Django yenyewe. Vifaa vyote vinapatikana bure kwenye tovuti yake, na njia ya Coursera, jukwaa jingine la kozi, hulipiwa kwa usajili wa kila mwezi, kwa hiyo anayesoma kwa kusuasua hulipa zaidi ya anayesoma mfululizo.

Baada ya hizo ndipo zinakuja kozi za Udemy, soko la kozi za video mtandaoni. Usinunue kwa bei kamili, kwa kuwa punguzo hurudi mara kwa mara, na kumbuka kwamba kwa kozi nyingi unaweza kurejeshewa fedha ndani ya siku 30. Malipo yanaweza kufanywa kwa kadi. Kwa aliye Kenya, kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay hutosha. Saa 60 za video si sifa. Kozi ya saa 15 yenye mradi mmoja uliokamilika hadi kwenye seva, DEBUG (hali ya kuonyesha undani wa makosa) ikiwa imezimwa na siri zikiwa nje ya msimbo, ina thamani kuliko miradi kumi inayoishia kwenye kompyuta ya mwalimu. Vitabu vya kulipia navipa daraja hilohilo, kwa sharti kwamba mwandishi awe anavihuisha kila toleo linapobadilika.

Mafunzo ya darasani ya miezi kadhaa yanashika nafasi ya mwisho kwa sababu ya bei yake. Yanamfaa anayehitaji kusimamiwa na kusahihishwa uso kwa uso, naye aulize kabla ya kulipa: nani atasoma msimbo wangu, mara ngapi kwa wiki, na je, naweza kuona kazi ya mwanafunzi aliyemaliza? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, zipo njia nyingine za kukutana na wanaoijua kazi. Warsha za Django Girls hazitozi ada, na kongamano la DjangoCon Africa lilifanyika Zanzibar mwaka 2023 na Arusha mwaka 2025, hivyo anayeishi Tanzania ana wenzake wa kuwauliza karibu kuliko anavyodhani.