Uzoefu wangu: siku mbili mbele ya mawe ya Waolmeki, Makumbusho ya Xalapa

Nianze na ushauri, ili hata ukiishia hapa uwe umepata kitu: ukienda kutazama kazi za Waolmeki, watu wa kale waliochonga vichwa vikubwa vya mawe, huko Veracruz, Meksiko, usikubali kukimbizwa. Mimi nilikimbizwa siku ya kwanza, nikarudi peke yangu siku ya pili. Sifa zote nitakazotoa hapa ni za siku ya pili.

Ninaishi Houston, kwa hiyo safari haikuwa ndefu. Ndege hadi mji wa Veracruz, kisha basi la kama saa mbili likipanda hadi Xalapa. Mji uko kwenye mita zipatazo 1,400, una ubaridi na manyunyu yasiyokatika ambayo wenyeji huyaita chipichipi. Mimi mtu wa Lushoto sikuhitaji kuambiwa nibebe sweta.

Siku ya kwanza nilijiunga na ziara ya kikundi ya wakala mmoja ambaye simtaji jina. Makumbusho yote tulipewa dakika arobaini na tano. Mwongozaji alisimama mbele ya kila jiwe, akataja uzito wake, watu wakapiga picha, tukasogea. Nilipomuuliza kwa nini mawe makubwa kiasi kile yalikutwa yamefukiwa ardhini, alinijibu kwamba basi linatusubiri. Pesa iliuma kidogo. Muda ndio ulioniuma sana, kwa sababu hamu ya kuyaona mawe haya nilikuwa nayo tangu sekondari, tulipoonyeshwa picha moja tu kwenye kitabu cha historia na kupita.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni.

Makumbusho ya Antropolojia ya Xalapa ni ya Chuo Kikuu cha Veracruz. Jengo linateremka na mteremko wa ardhi, ukumbi baada ya ukumbi, na katikati kuna nyua ndogo zenye majani mabichi, hivyo mwanga unaoyaangukia mawe ni wa jua na si wa taa peke yake. Unaanza juu na Waolmeki, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozikaribia zama zetu. Vibao nilivyosoma vilikuwa kwa Kihispania. Programu ya kutafsiri kwenye simu ilinitosha.

Waolmeki waliishi kwenye mabonde ya mito ya kusini mwa Veracruz na magharibi mwa Tabasco. Mji wao mkubwa wa kwanza, San Lorenzo, ulistawi kati ya mwaka 1200 na 900 KK; ulipofifia, La Venta ikashika nafasi yake hadi karibu mwaka 400 KK. Jina lenyewe wala si lao. Ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, maana yake watu wa nchi ya mpira, nao wamebandikwa karne nyingi baada ya miji yao kumezwa na msitu.

Vichwa vikubwa vya mawe vilivyokwishapatikana ni 17. Kumi ni vya San Lorenzo, na saba kati ya hivyo kumi viko hapa Xalapa. Kichwa Namba 1 kina kimo cha mita 2.84 na uzito wa tani kama 25. Jiwe ni basalti iliyotoka milima ya volkano ya Los Tuxtlas, kilomita zipatazo 60 kutoka San Lorenzo, na watu wale hawakuwa na ng'ombe wala punda wa kukokota, wala gari la magurudumu. Chuma pia hawakuwa nacho. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi, nimekulia kwenye mlio wa tindo, na najua jiwe gumu linavyomkatalia mtu. Hawa walichonga jiwe kwa jiwe. Nenda ukatazame pembe za midomo, mahali mdomo unapoingia shavuni. Mtu alipagonga pale kwa kokoto siku nyingi sana, akijua kwamba pigo moja la hasira lingeharibu kazi yote.

Hakuna nyuso mbili zinazofanana. Kila kimoja kina kofia yake na alama zake. Kile cha Namba 5 kina makucha ya jagwa, yule paka mkubwa wa misitu ya Amerika anayefanana na chui wetu. Mlinzi mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, aliona nimesimama sana akanifuata, akanishika mkono taratibu akanipeleka kwa Namba 9. "Huyu anacheka," akasema. Kweli, anatabasamu. Siku ya kwanza nilikuwa nimempita.

Kwa Namba 7 ndipo jambo la dini liliponifungukia. Kwenye jiwe hilo bado kuna mabaki ya kazi ya zamani zaidi: lilikuwa kiti cha enzi kabla halijawa kichwa. Mtafiti James Porter aliandika hoja hiyo mwaka 1989. Viti vya enzi vya Waolmeki vilikuwa meza kubwa za jiwe zenye shimo mbele, na ndani ya shimo ameketi mtu kama anayetoka pangoni. Pango kwao lilikuwa kinywa cha ardhi, mlango wa maji na wa wazee waliotangulia. Mtawala aliyekaa juu ya jiwe lile alikuwa amekaa juu ya mlango huo. Kisha, huenda alipokufa, jiwe lilelile likachongwa upya likawa sura yake. Niliposoma hivyo, zile tani alizotutajia mwongozaji wetu zikapata maana.

Hapa niseme neno kwa Waafrika wenzangu. Mgeni mmoja wa Marekani aliniona karibu na Kichwa Namba 8 akaniambia kwa furaha, "Dada, hawa ni mababu zako." Najua alinitakia heri. Wazo hilo lina umri: José María Melgar, aliyeandika mwaka 1869 kuhusu kichwa cha Tres Zapotes, mahali pengine pa Waolmeki, alidai kina sura ya Kihabeshi, na wengine wamelirudia mpaka leo. Lakini katika machimbo yote ya Waolmeki hakijatoka kitu kimoja cha Afrika, na pua ile na midomo ile nilikuwa naiona kwa mzee mlinzi aliyezaliwa hukohuko Veracruz. Kazi hii ni ya mababu zake yeye, na kumnyang'anya si heshima kwetu. Anayetaka historia ya Waafrika katika jimbo hili aende mji wa Yanga, unaobeba jina la Mwafrika aliyetoroka utumwa na kuongoza wenzake milimani hadi Wahispania wakakubali wawe na mji wao huru, karne ya 17. Hiyo ni yetu, tena ina ushahidi.

Usipite haraka kwenye vitu vya El Manatí. Ni chemchemi chini ya kilima, si mbali na San Lorenzo. Mwaka 1987 wanakijiji walikuwa wanachimba bwawa la samaki, wakatoa sanamu za mbao. Wanaakiolojia Ponciano Ortiz na Carmen Rodríguez wakaja, wakakuta watu walikuwa wakitoa sadaka humo tangu karibu mwaka 1600 KK: mashoka ya jiwe la kijani, mipira ya kuchezea iliyotengenezwa kwa utomvu wa mti, na vichwa vya mbao vyenye mabega, vimefungwa kwenye mikeka kama maiti wanavyovikwa. Tope lisilopitisha hewa ndilo lililovihifadhi. Ubao wa miaka elfu tatu, na uso bado uso! Pamoja navyo kulikuwa na mifupa ya watoto wachanga.

Nilikuwa na mifupa hiyo akilini nilipofika kwa Bwana wa Las Limas, na hapo nilikaa zaidi ya saa nzima. Ni kijana wa jiwe la kijani, kimo sentimita 55, ameketi amekunja miguu, mapajani amembeba mtoto. Mtoto ana mdomo ulioinamia chini na utosi wenye mpasuko, sura ambayo Miguel Covarrubias, msanii na mtafiti wa Meksiko, aliiona kuwa mzazi wa miungu ya mvua ya Meksiko yote. Mwili wake umelegea kabisa. Amelala au amekufa? Mimi ni mama wa watoto watatu. Nimebeba mtoto mwenye homa usiku, naujua ule ulegevu, na bado sikuweza kuamua. Uso wa anayembeba hauna hofu wala huzuni.

Inama kidogo upande. Mabegani na magotini kuna nyuso nne zimechorwa kwa mistari myembamba kama uzi. Ukitazama kutoka mbele huzioni. Kila uso ni wa kiumbe mwingine. Mwanaakiolojia Michael Coe na mwanafunzi wake David Joralemon walizichukua nyuso hizo zikawa ufunguo wa kuanza kutofautisha miungu ya Waolmeki, kwa kuwa watu hawa hawakutuachia maandishi tunayoweza kusoma. Mwili mzima wa kijana huyu ni kitabu cha dini.

Sanamu hii iligunduliwa na watoto wawili mwaka 1965, na wanakijiji wa Las Limas wakaiwekea mishumaa kama Bikira Maria. Siwashangai hata kidogo. Mwaka 1970 iliibwa kutoka Xalapa, ikaja kupatikana kwenye moteli huko San Antonio, Texas. Kutoka kwangu hadi San Antonio ni saa tatu kwa gari.

Mapacha wa El Azuzul niliwatazama dakika kumi tu, miguu imechoka: vijana wawili wamepiga magoti, wanafanana kila kitu, na paka wa jiwe mbele yao. Wanastahili zaidi ya nilivyowapa.

Nyota tano. Vaa viatu laini, kula vizuri asubuhi, tenga nusu siku kwa Waolmeki peke yao. Jumatatu pamefungwa. Walipotangaza kufunga, saa kumi na moja jioni, nilipanda tena kumuaga Namba 9, nikamkuta mzee mlinzi amesimama karibu naye anavaa koti. Akanionyesha kwa kidole chipichipi nje, nami nikafunga vifungo vya sweta yangu.